Jetoni za Nyumba ya Msiba

Niliuona ule unga. Ulikuwa umetulia katika kitako cha beseni la plastiki, laini, mwekundu na wa kijani, kama chaki mbili zilizosagwa pamoja, na mama alikuwa ameketi kando ya kitanda cha baba akiwa ameshika jiwe lake la kusugulia visigino. Nilimsalimu, nikaliinua beseni, nikaumwaga unga ule uani pamoja na maji yake. Nilidhani ni rangi ya kitenge kipya kilichochuja. Kazi yangu ni kuwafundisha vijana wa chuo kikuu namna ya kukitazama kitu cha kale mpaka kiseme kilikotoka. Na siku ile nilimwaga ushahidi wote wa jambo hili kwenye mizizi ya mpapai, kisha nikarudi ndani kuuliza kama baba alikuwa amekunywa uji.

Baba yangu, Polycarpe Kanyinda, alikuwa amewahi kuwa mhudumu katika klabu ya wahandisi wa mgodi hapa Kolwezi, enzi ambazo Wazungu walicheza karata katika chumba chenye mapazia mazito ambacho wafanyakazi walikiita kasino. Mezani hapakuwekwa noti. Ziliwekwa jetoni: vidude vya duara vya udongo mgumu ulioshindiliwa, vyekundu, vya kijani na vyeusi, kila kimoja kikiwa na karatasi ndogo katikati iliyochorwa korongo amesimama kwa mguu mmoja. Klabu ilipofungwa, meneja aliondoka kwa haraka hata madirisha yakabaki wazi, akamwachia baba sanduku la jetoni, labda kama zawadi, labda kwa kuwa halikuingia katika mizigo yake. Baba alichagua kuamini kwamba ni zawadi.

Miaka mingi baadaye tulikuja kujua kwamba duniani wako watu wanaokusanya vitu hivi, na kwamba mtu wa Liège, Ubelgiji, anaweza kukosa usingizi kwa ajili ya korongo wa Kolwezi. Hapo ndipo ulipozaliwa mkutano wa Jumamosi mchana, katika studio ya picha ya mzee tuliyemwita Tata Kisimba, rafiki wa baba wa tangu ujana. Walikuwa wazee wachache: karani mstaafu, dereva wa treni aliyestaafu, mfamasia. Walileta sarafu za zamani, vibati vya namba za wachimbaji, na jetoni. Walibadilishana, walisimangana, walikunywa limonadi ya Mama Huguette, mke wa Kisimba, na mara moja moja walituma kitu Ulaya kwa mkono wa msafiri.

Hawakuwa na vyeti. Mtu aliweka kitu chake mezani, akataja kilipita katika mikono ya nani, na neno lake likawa muhuri. Palipokuwa na shaka, waligonganisha jetoni mbili karibu na sikio. Zile za kweli zilitoa sauti kavu, kama vigae viwili. Za kuigiza, ambazo ni plastiki yenye chuma ndani, zililia kama kijiko katika kikombe.

Za kuigiza zilikuwapo, na baba ndiye aliyeziagiza. Alipenda kwenda katika shule kuwaeleza watoto habari za mji wao, na hakutaka jetoni zake zipite katika mikono yenye jasho. Hivyo alimwomba Gael, fundi kijana wa mihuri na vikombe vya mashindano katika mtaa wa Manika, amtengenezee nakala. Karatasi za korongo zilichapwa kwenye mashine ya Tata Kisimba. Lakini baba aliweka sharti kwamba kila nakala ichongwe msalaba mdogo ukingoni.

"Copie haiko zambi, Gael," nilimsikia akimwambia. "Zambi ni copie yenye kukana jina yake."

Baba alifariki katika majira ya kiangazi, wakati vumbi la barabara za machimbo linapofunika hata majani ya mihogo. Ndugu zake walifika, kwaya ya parokia ikaimba, wanawake wakalala chini sebuleni pamoja na mama. Sisi ni watu wenye asili ya Kasai. Mababu zetu waliletwa huku kufanya kazi migodini. Katika ukoo wetu, msiba ukishaondolewa, ndugu za marehemu huketi na kuchukua vitu vyake. Sisemi hivyo kwa uchungu. Nimeandika juu ya desturi hiyo, nimeieleza katika mikutano ya wasomi, nimeitafutia hata sababu zake. Tofauti ni kwamba sikuwa nimewahi kukaa ndani ya nyumba inayohusika.

Tata Kalumba, mdogo wa baba, anafanya biashara ya mahindi Lubudi. Si mtu mbaya. Alivaa koti la baba, likamkaa vizuri, akaonekana kuaibika kwa jinsi lilivyomkaa. Alipofungua sanduku la jetoni na kukuta kila kishimo cha kuwekea jetoni kimejaa, kila korongo ametazama upande mmoja, machozi yalimtoka.

"Yaya alikuwaka mutu ya ordre," alisema, akimsifu kaka yake kwa utaratibu.

Mama alikuwa ameegemea ukuta. 

Kalumba alitaka kuziuza kabla ya kurudi Lubudi, na wazee wa Jumamosi walitaka kuzinunua, wengine kwa ajili yao wenyewe, wengine kwa niaba ya wenzao wa ng'ambo. Walikusanyika kwetu. Dereva wa treni alichukua jetoni mbili na kuzipeleka sikioni. Tata Kisimba aliweka kiganja chake juu ya zile jetoni, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto.

"Wacha," alisema. "Mu nyumba ya kilio? Mbele ya mudogo wake? Unataka kugongesha bitu ya Polycarpe sawa vile batu banapimaka feza ya uongo?"

"Ni utaratibu tu, Kisimba."

"Utaratibu ni ya batu benye beko bazima. Hizi zimetoka mu nyumba yake. Neno yangu njo ile."

Hakuna aliyepinga. Watu wa mahali pengine labda wangezigonga, na kila kitu kingekuwa tofauti. Kwetu, kukijaribu kitu cha marehemu mbele ya ndugu zake ni kumwita marehemu mwongo wakati hawezi tena kujibu. Basi jetoni zikagawanywa kwa neno la Kisimba, na Kalumba akapanda gari la Lubudi akiwa na koti mabegani.

Habari zilirudi kutoka Liège kwa njia ya simu: picha zilizokuzwa, gundi mpya chini ya karatasi, chuma ndani. Mkusanyaji yule hakutukana. Aliandika tu kwamba tangu siku hiyo hatapokea tena kitu chochote kutoka Kolwezi. Halafu wa Johannesburg naye akaandika. Wazee wakagonga jetoni zao, kila mmoja nyumbani kwake, na kila mmoja akasikia kijiko katika kikombe.

Walimwendea Gael. Kijana alikiri kwamba alitengeneza seti ya pili, yenye misalaba kama ile ya kwanza, ila alikataa kutaja aliyeiagiza. Baada ya siku chache alifunga karakana na kwenda Kisenge kutafuta kazi. Wazee hawakuhitaji zaidi. Nani aliyekuwa na mashine iliyochapa korongo? Nani aliyezuia jetoni zisigongwe? Ilionekana wazi kwamba Kisimba alibadilisha seti wakati wa ugonjwa wa rafiki yake, alipokuwa akiingia na kutoka chumbani bila kubisha, na kwamba zile za kweli zilikuwa zimefichwa mahali fulani.

Waliniita mimi. Mfamasia, Tata Mukuna, aliyekuwa mwenyekiti wao, alinisogezea kiti chini ya dirisha la studio.

"Profesere, weye ulikomalaka na hizi bitu," alisema. "Sisi twiko bazee, macho imeisha. Tuambie kweli tu."

Nilizigonga. Nikatoa lenzi yangu. Ukingoni, mahali palipopaswa kuwa na msalaba, palikuwa laini kuliko kwingine, na chini ya ulaini ule mstari mmoja ulikuwa umesalia, mwembamba kama unywele.

"Ni nakala," nilisema. "Na alama yake imesuguliwa."

"Mupiga picha amepiga na jetoni picha!" alisema dereva wa treni, na mmoja wao akacheka, kisha akaacha.

Tata Kisimba alikuwa amesimama karibu na pazia la mandhari, lile lenye maporomoko ya maji ambalo nusu ya mji imewahi kupigwa picha mbele yake. Nilingoja ajitetee. Alinitazama kwa upole.

"Aksanti, mwana yangu," alisema, kama mtu niliyempa maji ya kunawa.

Wakati huo utulivu wake niliusoma kama utulivu wa mtu aliyekamatwa.

Wateja walianza kumkimbia. Hakuna anayetaka picha ya ubatizo wa mwanawe ipigwe na mtu anayewaibia wafu. Lakini wanaume walimnyamazia tu. Aliyepigwa kwa maneno ni mke wake. Mama Huguette anauza unga sokoni. Asubuhi moja nilimsindikiza mama kununua mboga, nasi tukapita nyuma ya meza yake bila yeye kutuona. Mnunuzi mmoja, mwanamke mnene mwenye mwavuli, alikuwa akichezea unga kwa vidole.

"Mama Fotokopi, hii bunga yako iko orizinali? Ao uliipigisha pa mashine ya bwana yako?"

Wauza mboga wakaangua kicheko. Mama Huguette alipima unga, akafunga mfuko na kumkabidhi.  Alikuwa ameshazoea, na kuzoea kwake ndiko kulikomsimamisha mama katikati ya njia, kikapu mkononi, mpaka msukuma toroli akamfokea.

Nyumbani aliketi bila kuvua viatu.

"Tangu lini banamuita vile?"

"Tangu jetoni ziliporudi."

"Na Kisimba anasema nini?"

"Hasemi kitu, mama. Labda hana la kusema."

"Kisimba hawezi kutuibia sisi." Aliitazama mikono yake. "Kama alitaka kutuibia, angalituacha pa gare."

Hatukuwa na desturi ya kutaja stesheni. Nilikuwa na umri wa miaka kumi katika ule mwaka wa tisini na tatu, watu wa Kasai tulipoambiwa kwamba Katanga si kwetu. Tulilala kwenye jukwaa la reli, familia baada ya familia, shuka zikiwa ndizo kuta, tukiisubiri treni ya kutupeleka katika nchi ambayo baba hakuwahi kuiona. Alikuwa ameacha vitanda, sahani na cherehani, akabeba sanduku la jetoni. Mama alimlaumu kwa hilo, wakati mwingine kwa sauti. Mdogo wangu Mushiya alikuwa akiota meno na kulia mchana kutwa, ndipo baba akampa jetoni moja ya kijani aitafune. Mtoto akanyamaza. Jukwaa zima lilipumzika.

Mushiya alikufa kwa surua kabla treni haijafika. Tulipotoka kumzika, Tata Kisimba alikuwa ametungoja kando ya reli na mkokoteni wake wa mizigo. Yeye ni mtu wa kaskazini ya Katanga. Hakuna aliyemwambia aondoke popote, na wapo waliomwambia angechomewa nyumba akituhifadhi. Alipakia vyombo vyetu bila kutuuliza. Tulikaa katika chumba cha nyuma ya studio mpaka mji ulipopoa, na Mama Huguette alikuwa akitupikia kwenye sufuria moja na watoto wake.

Hayo niliyajua. Sikuwa nimejua kwamba mama aliyahesabu kila siku.

Jumamosi iliyofuata aliniomba nimsindikize. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani na kubeba furushi kifuani. Tulipoingia studio wazee walikuwa wameketi kama kawaida, isipokuwa Tata Kisimba, ambaye sasa alikaa peke yake karibu na mlango, mwenyeji katika nyumba yake ambaye hakuna anayemsemesha. Mukuna aliinuka.

"Mama Mbelu, karibu. Batakuletea kiti."

"Sikukuya kwikala."

Alifungua furushi na kumwaga jetoni mezani. Sauti ilikuwa kavu. Kila mzee aliisikia. Nilimwona dereva wa treni akifumba macho.

"Za kweli njo hizi," mama alisema. "Zile zingine ni mi niliombaka Gael atengeneze, na makaratasi yenye ilibakia. Musalaba ni mi nilisugula, mbele ya bwana yangu mugonjwa, akiwa amelala. Kisimba hakuyua. Kama mutamutukana tena mutu, mutukane mi."

Aliokota moja ya kijani. Katikati yake korongo alikuwa amefutika kabisa, karatasi imelainika na kuwa nyeupe, na ukingo ulikuwa umekwanguka.

"Hii njo nilikuwa nachunga. Meno ya Mushiya iko hapa. Sina foto yake. Mwenye kupiga foto alikuwa anatusukumia mukokoteni."

 Tata Kisimba alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mama Mbelu," alisema mwishowe, "ungalinyamaza tu. Batu bangalichoka."

"Ulijua?" mama aliuliza.

"Kisha zirudi, Gael alikuja kunililia. Nilimwambia aende, asiseme. Mi nilikuwa pa gare. Nilionaka mutoto na ile kitu mu kinywa." Alisugua magoti yake. "Kama ningalisema, Kalumba angalikuja kuzikamata."

Nyuma yetu glasi ziligongana. Mama Huguette alikuwa amesimama mlangoni na sinia la limonadi, na sikuweza kukisia alikuwa amesimama pale tangu neno lipi.

"Ulijua," alimwambia mumewe.

"Huguette..."

"Kila siku naitwa Mama Fotokopi. Kila siku. Narudia hapa, nakuuliza: Kisimba, uliiba? Unaniambia: hapana, bibi yangu, uvumilie. Na ulijua ni nani?"

"Nilitaka Kalumba asisikie."

"Na mi?" Aliweka sinia juu ya sakafu, kwa uangalifu, bila kumwaga tone. "Mi niko Kalumba?"

Kisha akamgeukia mama. Walikuwa wamepika kwenye sufuria moja. Nadhani mama alitaka kupiga magoti, kwa maana alishika ukingo wa meza, lakini Mama Huguette alikuwa ameshapita pazia.

Wazee waliomba msamaha. Mukuna alilia hadharani, akamshika Tata Kisimba mikono yote miwili, akatangaza kwamba ataandika Liège na Johannesburg. Tata Kisimba aliwashukuru mmoja mmoja, akawafungulia mlango, akageuza kibao cha studio kuonyesha imefungwa.

Kalumba alikuja wiki ile ile, habari zilipomfikia. Nilijiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa nimepanga hoja zangu kama kwa mhadhara. Hakukuwa na ugomvi. Aliketi, akakubali chai, akasema anaelewa kwamba majonzi humpoteza mtu njia, kisha akaanza kupanga jetoni za kweli katika sanduku lake, nyeusi kwa nyeusi, nyekundu kwa nyekundu. Nyingine alizipuliza vumbi. Alipofika kwenye ile ya kijani aliigeuza, akaitazama kwenye mwanga wa mlango, akaigeuza tena.

"Hii imeharibika," alisema. "Batu ya Bulaya habatapenda hii."

Akaisogeza mezani mpaka mbele ya mama.

"Ubakiye nayo, Mama Mbelu. Bajukuu batachezea."

"Aksanti," mama alisema, kama mtu aliyeazimwa chumvi.

Gari la Kalumba lilipoondoka nilimuuliza mama kwa nini hakuificha moja tu tangu mwanzo. Alinijibu bila kuinua macho. Kishimo kitupu wangekiulizia. Na nakala moja mpya katikati ya zile za zamani ingejitangaza kwa mng'ao wake. Lakini zikiwa mpya zote, hakuna ya kuisema nyingine. Alikuwa ameliwaza jambo hilo vizuri sana, miezi yote ya ugonjwa wa baba. Wazo ambalo halikumjia, wala lisingenijia mimi, ni la kuiomba hiyo moja.

Mkutano wa Jumamosi sasa hufanyika kwa Tata Mukuna, nyuma ya duka lake la dawa, na kila jetoni hugongwa kabla mwenyewe hajamaliza kutaja jina la aliyempa. Liège haijajibu. Tata Kisimba alialikwa mara nyingi, hakwenda. Tangu mwaka wa tisini na tatu familia zetu mbili zilikuwa zikila pamoja siku ya Bonane, yaani Mwaka Mpya. Sasa kila nyumba inakula peke yake. Gloire, binti wa mwisho wa Tata Kisimba, aliolewa mwezi wa nane. Habari tulizipata kwa majirani.